Dirisha Ambalo Arnetta Hakulifungua

Arnetta Darville hakuwa mteja mzuri. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wanadhani nilikuwa nampokea dukani kwa kiti na kahawa. Hapana. Nikimwona anavuka barabara na kofia yake ya ukili, tepu ya kupimia ikining'inia mfukoni, nilitamani kufunga mlango. Angechukua skrubu moja kutoka kwenye boksi, aikwaruze kwa ukucha, aitazame juani, kisha aseme:

"Bwana Cleve, hii hata mbuzi wangu hafungiwi nayo. Ikionja chumvi wiki moja inageuka unga."

Na wateja wengine wapo pale, wanasikiliza.

Duka langu ni la vifaa vya ujenzi, Pinder's Bight, huku kusini mwa Long Island, katika visiwa vyetu vya Bahama. Vitu vyote huja kwa meli ya posta kutoka Nassau. Ukitaka msumari, umesubiri meli. Ukitaka dirisha, umesubiri meli na mimi. Kwa hiyo watu wengi hulipa ninachotaja. Arnetta hakulipa hata mara moja nilichotaja.

Kazi yake ilikuwa kusuka. Anasuka ukili kama wanawake wote wa huku, ila wake ni mwembamba na umebana, na kofia zake zilikuwa zikiuzwa Nassau kabla meli haijamaliza kufunga kamba. Kwa kofia hizo alijenga nyumba ya tofali juu ya kilima, kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, akiwa na mama yake, Bibi Eulease, ambaye miguu ilishakataa na ambaye alikuwa wa kitandani tangu zamani.

Lakini nyumba hiyo ilianza na nyumba nyingine. Baba yake alimwachia nyumba ya mbao, nzuri, yenye baraza. Kikaja kimbunga. Huku kwetu kila mtu anajua la kufanya upepo ukivuma: unafunga upande unaopigwa, na upande uliokingwa, ambao mabaharia wanauita demani, unaacha dirisha moja wazi ili nyumba ipumue. Ukiziba kote, wanasema, upepo unaivimbisha nyumba kutoka ndani mpaka inapasuka. Nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto. Bibi Eulease naye alifundishwa, na siku ile alimwambia bintiye, "Netta, fungua la demani." Arnetta akafungua. Upepo ukageuka, kama unavyogeuka siku zote jicho la kimbunga likishapita, ukaingia kwa dirisha lile lile na kulibeba paa kama kifuniko cha sufuria. Mama na binti waliishi chini ya turubai mwaka mzima. Bibi Eulease alipata baridi yabisi mle, na hakuinuka tena.

Watu walisema, bahati mbaya, walichelewa kulifunga. Arnetta akawaacha waseme. Alikuja dukani kwangu na kuuliza kama kuna dirisha ambalo upepo hauwezi kuliingia.

"Lipo," nikamwambia. "Ila si la msuka kofia."

"Nionyeshe, halafu mimi ndiye nitasema ni la nani."

Nikamwonyesha kwenye kitabu cha picha. Ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando mzito katikati, kama kioo cha mbele cha gari, ndani ya fremu nene inayofungwa kwa bolti zinazoingia kwenye tofali. Akasoma, akarudia kusoma. Bei nilipoitaja alicheka mpaka akakaa.

Akaanza kununua. Wanawake wa kijiji wana upatu wao, wenyewe wanauita asue: kila wiki kila mtu anatia, na kila wiki mmoja anabeba. Zamu ikifika wenzake wananunua friji, jenereta, nauli ya kwenda Miami kushangaa maduka. Arnetta zamu yake ikifika ananunua dirisha. Moja. Anasubiri zamu nyingine, anaongeza moja. Mashimo yaliyobaki anayaziba kwa plaiwudi. Wakamwita Bibi Dirisha.

"Wewe Netta, umeolewa na madirisha?" walimuuliza kanisani.

"Angalau hayarudi nyumbani yamelewa," akajibu, na mume wa aliyeuliza alikuwa amesimama pale pale.

Aliyemsumbua zaidi ni mjomba wake, Kapteni Rodman Turnquest, ndugu wa Bibi Eulease. Kapteni aliwahi kuendesha meli ya posta yenyewe, na alistaafu na sauti ile ile ya kupigia kelele injini. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya ya Arnetta, ya mbao, imepakwa kijani kikali mpaka ukitoka baharini unaiona kabla ya kuona kisiwa. Alinunua kwangu rangi ile kila mwaka, kwa hiyo sikuwa na neno naye.

"Nyumba ni kama mashua," alikuwa akisema. "Mashua isiyotoa upepo inapinduka. Huyu mtoto anajenga chupa."

Siku moja meli ilishusha dirisha moja la kimbunga fremu ikiwa imepinda kwenye kona. Sikuweza kuliuza. Arnetta akaliona limeegemezwa ukutani.

"Nipe hilo."

"Nikupe? Mimi ni kanisa?"

"Huliuzi. Tulipige tuone. Kioo kikitoboka, nalinunua kwa bei ya zima. Kisipotoboka, bolti zote za nyumba yangu ni bure."

Nikapiga hesabu haraka. Likitoboka, nimeuza kitu kibovu. Lisipotoboka, kijiji kizima kimeona, nami nina madirisha ya kuuza. Nikakubali. Tukalisimamisha nje ya duka, tukalibana kati ya marundo mawili ya tofali, na Kapteni akajitolea kulipiga kabla hajaombwa. Alichukua boriti ndefu, akaishika kama chusa, akakimbia nayo na kulipiga katikati kwa ncha.

Kioo kikalia. Kikapasuka kote kwa mara moja, kikawa cheupe kama mtandao wa buibui.

"Ha!" Kapteni akatupa boriti. "Limekwisha! Cleve, unauza barafu!"

Watu wakacheka. Arnetta akaenda taratibu, akapitisha kiganja juu ya kioo, mbele, kisha nyuma.

"Limepasuka," akasema. "Limepita?"

Watu wakasogea kutazama.

"Nauliza, Mjomba. Hiyo mbao yako imeingia ndani? Tia kidole."

Kapteni akatafuta pa kutia kidole, hakupata. Akalipiga tena, na tena, akatoka jasho. Kioo kikabonyea, kikarudi. Kila kipande kilikuwa kimeng'ang'ania utando.

"Mimi sikutaka kioo kisichopasuka," Arnetta akasema. "Nilitaka kisichofunguka. Bwana Cleve, bolti zangu ziwe za chuma cha pua, na nitazikwaruza."

Nilitoa bolti. Sikuuza dirisha hata moja. Kapteni alikuwa ameshatangaza kwamba kitu kinachopasuka ni kibovu, na watu wakachukua hilo wakaenda nalo nyumbani.

Miaka ikapita hivyo. Ikafika mahali nyumba ya Arnetta ina madirisha mazuri kila upande isipokuwa moja: la chumba cha mama yake, linalotazama kusini-magharibi, kwenye maji ya kina kifupi. Hapo bado palikuwa na plaiwudi. Redio ikatangaza kimbunga, na safari hii hakikuwa kinazungukazunguka. Kilikuwa kinakuja kwetu kama mtu anayedai deni.

Arnetta akaja dukani. Nyuma ya kaunta nilikuwa na dirisha moja, kipimo karibu sawa na chake, lililoagizwa na mgeni mwenye nyumba ya likizo kule ufukweni. Alikuwa ameacha kupokea simu zangu tangu Pasaka.

"Nataka lile."

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hilo si swali lako."

"Nyumba yake ina mtu ndani?"

Nikageuka kupanga makopo ya rangi.

"Bwana Cleve, madirisha yote niliyofunga ni kazi bure kama moja ni plaiwudi. Upepo hautafuti penye nguvu. Na pale ndipo alipolala mama."

"Mpeleke mama shuleni, kwenye kambi ya kimbunga."

"Akibebwa ngazi zile za kilimani anazimia, unajua. Na paa la shule limefungwa kwa skrubu gani? Si kwa skrubu zile zile zako?"

Nilikasirika, kisha nikafikiri. Nyumba yangu mwenyewe ni ya mbao, iko karibu na maji. Mke wangu alikuwa Nassau kwa dada yake. Nami nilikuwa nimeliona dirisha la aina ile likipigwa kwa boriti.

"Chukua," nikasema. "Kwa sharti moja. Kimbunga kikija nakaa kwako."

Akanitazama kama anavyotazama skrubu. "Na unaleta drili yako. Na unasaidia kutoboa."

Tulitoboa siku nzima. Shimo lilikuwa dogo kidogo kuliko fremu, ikabidi apasue kingo za tofali kwa patasi, polepole, huku Bibi Eulease akiwa kitandani amefunikwa shuka la kuzuia vumbi kama maiti anayelalamika.

"Netta, unanijengea au unanizika?"

"Vyote viwili, Mama, kitakachowahi."

Bolti ya mwisho ilipokaza, alivuta fremu kwa uzito wake wote, miguu ukutani, akaning'inia. Haikutikisika.

Kimbunga kiliingia asubuhi. Kapteni alifika na chungu cha wali wa mbaazi chini ya koti la mvua, kwa sababu dada yake alikuwa mle na kwa sababu, nadhani, alitaka kuiona chupa ikipasuka. Akatuambia kwamba nyumba yake ameiacha ipasavyo: kaskazini kote ameziba, la demani liko wazi.

Upepo wa kwanza ulitoka kaskazini-mashariki. Sitausimulia sana, aliyeusikia anaujua, na ambaye hajausikia, mwache aendelee na raha zake. Vitu vilipita mbele ya madirisha: mabati, matawi, kuku mmoja. Madirisha ya kaskazini yalivuma, sauti nene ya chini, kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa, na Kapteni alinitazama kuhakikisha kwamba nimesikia. Lakini mle ndani mshumaa ulikuwa umesimama wima. Niliutazama ule mshumaa kuliko nilivyotazama nje. Tukala wali.

Kisha masikio yakaanza kuziba.

"Mnasikia?" Kapteni akainuka. "Masikio! Nyumba inavimba. Netta, fungua la demani."

La demani lilikuwa ni lile jipya, juu ya kitanda cha mama yake.

"Ni masikio yako yanayovimba, Mjomba. Nyumba haina masikio."

"Mtoto, nimepita vimbunga wewe ukiwa hujazaliwa. Fungua!"

"Sifungui."

Kapteni akaingia chumbani, akapeleka mkono kwenye kishikio. Hapakuwa na kishikio. Arnetta alikuwa amevifungua vyote kwa bisibisi tangu alfajiri na kuvitia mfukoni mwa aproni.

"Umeficha vishikio?" Kapteni akanigeukia. "Cleve, sema kitu! Huyu anatuua!"

Nami masikio yangu yalikuwa yameziba, na niliyoyajua tangu utotoni yalikuwa yananiambia Kapteni anasema kweli. Lakini nilikuwa nimefanya biashara, na katika biashara hiyo hapakuwa na kifungu cha mimi kutoa maoni.

Aliyesema ni Bibi Eulease. Alianza kulia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata chini ya turubai.

"Netta, mwanangu. Nisikilize. Mama yangu alifungua, bibi yangu alifungua. Nyumba lazima ipumue. Unataka nife nimebanwa humu? Fungua kidogo tu. Kidogo."

Arnetta akasimama, mkono mfukoni, juu ya vishikio. Niliuona mkono ule ukifunga na kufungua ndani ya kitambaa. Mjomba angeweza kumpigia kelele mpaka kesho. Mama ni kitu kingine.

Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, mara ile uliniambia fungua, nikakutii."

"Ndiyo."

"Na miguu yako iliishia pale."

Arnetta akagusa magoti ya mama yake chini ya shuka.

"Nimekutii maisha yangu yote, na nikitoka humu nitaendelea. Leo tu, Mama. Leo nitii wewe."

Bibi Eulease akageuza uso ukutani. Hakusema ndiyo, wala hakuomba tena. Kapteni akatoka chumbani, akaketi kwenye kiti cha jikoni na mgongo wake kwetu.

Mara upepo ukakatika, kama umezimwa. Jicho. Jua likatoka, maji yanachuruzika kila mahali. Tukafungua mlango. Na kule chini, nyumba ya kijani ilikuwa imesimama, nzima, haijakosa hata bati, dirisha lake la demani wazi kama mdomo unaocheka.

"Aha!" Kapteni akarukaruka barazani, mzee yule. "Aha! Mmeona? Iko wazi na imesimama! Haya sasa. Nakwenda kugeuza."

Maana ndivyo inavyofanywa. Jicho likifika unakimbia, unafungua upande wa pili, unafunga ule wa kwanza, kabla upepo haujarudi kutoka kinyume.

"Mjomba, nenda ukafunge," Arnetta akasema. "Funga tu. Usifungue kingine."

"Nyumba ipumue wapi?"

"Mjomba!"

Alikuwa ameshashuka. Tulimwona akiingia, tukasikia nyundo ikigongoa mbao za kaskazini. Jicho lile lilikuwa jembamba. Nikaona maji ya kina kifupi, upande wa magharibi, yakigeuka meusi na kuanza kusogea.

"Kapteni!" nikapiga kelele. "Upepo unarudi! Acha!"

Akatoka mbio, koti likimpiga miguuni. Upepo ukamkuta katikati ya kilima na kumlaza chini. Arnetta alitoka kwa magoti, akamshika kola, nami nikamshika yeye kiunoni na mguu wangu nikaukaza kwenye fremu ya mlango, tukamvuta ndani kama nyavu.

"Umefunga?" Arnetta akamuuliza.

Kapteni alikuwa akihema. "Nimefungua la kaskazini. Lile jingine... sikuwahi kulifunga."

Yote mawili wazi. Tulikaa tukalisikia paa lake. Halikuondoka kwa kishindo kimoja. Lilijaribu, likatulia, likajaribu tena, kisha ikatoka sauti ya misumari mingi iking'oka kwa pamoja. Kapteni akafumba macho.

Sasa upepo wote ulikuwa kwenye dirisha la chumba cha mama. Sote tukawa mle bila kupanga. Arnetta alikuwa ameketi kitandani, mgongo wake kati ya kioo na mama yake. Nikaona kitu cha kijani kikija. Nilikiona vizuri: boriti, kijani kikali, ikizunguka hewani kutoka chini ya kilima.

Ikalipiga dirisha katikati.

Bibi Eulease akapiga yowe. Chumba kikawa cheupe, kioo chote mtandao wa buibui, na nilijikinga uso nikingoja vipande. Havikuja. Nikashusha mikono. Arnetta alikuwa amegeuka, ameweka kiganja juu ya kioo, nacho kilikuwa kikibonyea na kurudi chini ya mkono wake kama ngozi ya ngoma.

"Limepasuka," Kapteni akasema, kwa sauti ndogo.

"Limepita?" Arnetta akauliza.

Hakumwangalia. Alikuwa akikagua bolti, moja moja, kwa kidole, zile bolti zangu za bure. Kwenye kona maji yalikuwa yakipenya, tone, tone, akaweka kikombe. Hicho ndicho kikombe pekee kilichojaa maji siku ile ndani ya nyumba ile. Mchana ulipoanza kuinama upepo ukachoka. Tulibaki tumekaa pale pale mpaka Bibi Eulease akasema kutoka kitandani:

"Netta. Sasa waweza kufungua. Kuna joto kama tanuri humu."

Arnetta akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akachukua kishikio kutoka mfukoni, akaenda kwenye dirisha la kaskazini, akalisukuma juu. Hewa ikaingia.

Kijijini mapaa mengi yalikuwa yameondoka, la shule mojawapo. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Nyumba ya kijani ilikuwa kuta tupu zenye jua ndani. Na kila aliyekuja kilimani kumwona Bibi Eulease aliingia kwanza chumbani kutazama kile kioo cheupe, kimesimama, na katikati yake alama ya rangi ya kijani ya Kapteni.

Hapo nikaona biashara. Nikamwendea Arnetta.

"Kile kioo kilichopasuka utakitoa tu. Nipe nikiweke mlangoni pa duka."

"Nikupe? Mimi ni kanisa?"

Nikajua nimekwisha.

"Unataka nini?"

"Dirisha jipya mahali pake. La kipimo changu hasa, si la mgeni. Na yote ya nyumba ya Mjomba, kwa bei uliyonunulia wewe Nassau. Bei ya kweli, Bwana Cleve. Nina dada wa upatu anayefanya kazi kwenye ghala lile unakonunua."

Nilibishana naye alasiri nzima, kwa heshima ya kazi tu. Mwishowe nikatia sahihi.

Kioo kiko mlangoni pangu mpaka leo. Watu hukigonga, hukipapasa, halafu huagiza, na nimeuza madirisha mengi kuliko mtu yeyote wa kusini hii. Nyumba ya Kapteni imesimama tena, ya tofali mara hii, rangi ile ile, na vishikio vyake vyote viko kwa Arnetta msimu wa upepo ukianza; Kapteni huvipeleka mwenyewe, ndani ya mfuko wa ukili, bila kuombwa. Jioni nyingine huja kukaa barazani pangu, na mgeni akisimama mbele ya kioo, Kapteni humwonyesha ile alama ya kijani katikati.

"Unaona ile? Ile ni mbao yangu," husema. "Mbao ngumu sana. Na bado haikupita."